Je, kiwavi wa jangwani anaweza kuwa ndani ya mkonge wa Korogwe?

Mkulima mmoja wa mkonge wilayani Korogwe ameniuliza hivi: "Mdogo wangu anaishi Texas. Amenitumia video ya mzee akipasua jani la mmea unaofanana kabisa na mkonge wetu, akatoa kiwavi mnene mweupe, akasema huyo atakuja kuwa kipepeo mkubwa. Mimi nikichimba visiki vya zamani shambani nakuta mabuu meupe. Je, ni hao hao? Wanaweza kuniharibia shamba? Na kipepeo anaishije jangwani, tena ndani ya jani lenye maji yanayowasha vile?"

Ndugu yangu, nianze na linalogusa shamba lako, kisha twende Texas pamoja.

Mabuu unayoyakuta si ya kipepeo huyo. Kwa unavyoeleza, karibu hakika ni watoto wa fukusi wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye wataalamu humwita Scyphophorus acupunctatus. Ukitaka kuhakikisha, shika buu mmoja mwangani uangalie miguu. Buu wa fukusi hana mguu hata mmoja: mwili mweupe ulionenepa katikati, kichwa cha kahawia, basi. Kiwavi wa kipepeo ana jozi tatu za miguu midogo kifuani na jozi tano za miguu minofu tumboni. Ukikuta buu mkubwa aliyejikunja, mwenye miguu sita karibu na kichwa, tena ndani ya kisiki kilichokwisha kuoza, huyo ni wa jamaa ya chonga anayesumbua minazi yenu, na hana haja na mkonge ulio hai.

Fukusi ndiye wa kumwogopa. Jike hutoboa tishu laini kwa mdomo wake, hutaga humo, na mabuu hula kuelekea ndani ya kisiki. Pamoja naye huingia vijidudu vya kuozesha, na mara nyingi uozo ndio unaoumaliza mmea kuliko meno ya buu mwenyewe. Buu akikomaa hujisukia kifuko cha nyuzi za mkonge na kugeuka humo. Mimea michanga ndiyo inayoumia zaidi, hasa pale shamba jipya linapopandwa juu ya la zamani na visiki vikaachwa ardhini. Kwa hiyo ng'oa visiki, uviharibu kabisa, na usichukue miche kwenye shamba lenye dalili za mashimo. Hilo ndilo la dharura. Sasa nakuja kwa kipepeo wa mdogo wako, maana swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Uliyemwona kwenye video ni kiwavi wa kundi ninaloliita hapa warukaji wakubwa. Wamo katika familia ya Hesperiidae, wale vipepeo wenye mwili mnene wanaoruka kwa mirusho mifupi ya kasi, ambao hata Tanga wako wengi sana kwenye nyasi. Wale wa kwetu wengi ni wadogo. Hawa wa Amerika wamenenepa kupita kiasi: jike wa aina iitwayo Megathymus ursus anaweza kufikisha sentimita 8 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na kifua chake ni kipana kuliko kichwa. Wanaishi Marekani, Mexico na sehemu ya Amerika ya Kati, na hakuna wa asili mahali pengine popote duniani.

Umbo lao liliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu. Vipepeo wengine wa familia hiyo wana papasi, zile pembe mbili nyembamba za kichwani, zinazoishia kwa kindoana; hawa wana rungu tupu lisilo na kindoana. Ukiongeza mwili mnene na kiwavi anayetoboa shina, wapo walioamini kwamba ni nondo. Mwaka 1876 Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, aliandika habari ndefu za mdudu huyu anayetoboa yuka, mmea ulio ndugu wa mkonge, akapima kila hatua ya maisha yake na kumweka upande wa vipepeo. Bado kwa karibu miaka mia moja baadaye walipewa familia yao peke yao. Hugh Avery Freeman, aliyewachambua wote katika kazi yake ya mwaka 1969, aliendelea kuwaweka hivyo. Siku hizi uchunguzi wa vinasaba umewarudisha ndani ya Hesperiidae, jirani kabisa na wale wanaokula nyasi. Mimi naona jambo hilo lina mantiki. Nyasi, mkonge na yuka zote ni mimea ya jani moja mbeguni, na kutoka kukunja jani la nyasi hadi kutoboa jani la mkonge si hatua isiyofikirika.

Ulivyoona mmea unafanana na mkonge, umeona sawa, maana ni ndugu zake. Mkonge wenu ni Agave sisalana, wa asili ya Mexico, na jenasi ya Agave, yaani kundi la aina zilizo ndugu wa karibu, ina zaidi ya aina 200. Yuka, ambayo watu wa mijini kwetu huipanda mbele ya nyumba kwa urembo, ni ya familia hiyo hiyo. Na wewe uliyekata majani maisha yako yote unalijua jambo ambalo ndilo siri ya kipepeo huyu: jua likiwaka miezi mitatu bila mvua, nyasi zikawa majivu, ukikata jani la mkonge bado linachuruzika. Mimea hii hufunga matundu ya majani mchana na kuyafungua usiku ubaridi ukishaingia. Usiku huvuta hewa ya kaboni dayoksaidi na kuihifadhi ikiwa asidi, kisha mchana huitumia kutengeneza sukari huku milango imefungwa. Hivyo maji hayapotei hovyo. Jangwani, ambako mdudu laini akikaa juani mchana mmoja hukauka, jani la agave ni mahali penye chakula na maji na kivuli kwa wakati mmoja. Kiwavi huyu hakulizoea jangwa kwa kuwa mgumu. Alilikwepa kwa kuingia ndani ya mmea na kukaa humo karibu maisha yake yote.

Kuna namna mbili za kuishi humo, na kila moja ina jenasi yake.

Ya kwanza ni ya Agathymus, warukaji wa agave, na huyo ndiye aliyekuwa kwenye jani la yule mzee. Hawa huruka mwishoni mwa kiangazi na majira ya kupukutika kwa majani, takriban Agosti hadi Novemba. Jike hahangaiki kubandika mayai. Hutua juu ya mmea au karibu yake, akayadondosha tu, yakabingirika hadi chini kwenye makutano ya majani. Kiwavi akitoka yaini hupanda hadi ncha ya jani, pale penye mwiba, akatoboa na kujificha. Msimu wa baridi wote hukaa hapo akiwa mdogo kabisa. Joto likirudi hutoka, hushuka hadi sehemu nene ya jani, hutoboa tena, na safari hii hachezi: hula nyama ya jani na kunywa utomvu unaojaa shimoni, akinenepa miezi yote ya kiangazi. Maji hayo ndiyo yaliyokushangaza, kwa sababu wewe yanakuwasha. Yana sindano ndogo ndogo za chumvi ya okzaleti pamoja na saponini, kemikali za kutoa povu kama sabuni, na wanyama wengi huyakimbia. Kiwavi huyu anakulia ndani yake.

Kabla hajageuka pupa hufanya jambo ambalo kila nikilifikiria hunifurahisha. Hutoboa tundu la duara hadi nje ya jani, kisha hulifunga kwa kifuniko cha hariri. Pupa akigeuka kipepeo hana meno wala taya; asingeweza kujitoboa nje hata kidogo. Njia imekwisha kuandaliwa na kiwavi aliyekuwa na taya. Kipepeo anasukuma kifuniko tu, na anatoka. Wakusanyaji wa Arizona na Texas huwatafuta hawa kwa kukagua majani na kuangalia vifuniko hivyo, kwa sababu kumkamata kipepeo mwenyewe angani ni shughuli pevu. Anapita kwa kasi ambayo jicho halimfuati.

Namna ya pili ni ya Megathymus, warukaji wa yuka. Hawa huruka mapema, aina ya Megathymus yuccae huonekana tangu Februari mahali penye joto. Jike hubandika yai moja moja juu ya jani. Kiwavi mdogo huunganisha ncha za majani kwa hariri na kula humo, kisha hushuka katikati ya mmea na kutoboa kwenda chini, ndani ya shina na hadi kwenye mzizi mnene ulio ardhini. Shimo lake huenda chini sana, na humo joto la mchana na baridi ya usiku havimfikii. Mdomoni mwa shimo hujenga bomba la hariri lililochanganywa na kinyesi na mabaki ya majani, lililochomoza katikati ya mmea. Mtu akijua anachokitafuta, bomba hilo humwambia yumo. Mwishoni mwili wake hufunikwa na unga mweupe wa nta. Na pupa wake, tofauti na pupa wengi wanaokaa kimya, huweza kujisukuma kwa tumbo akapanda na kushuka ndani ya shimo. Ukimgusa juu, hushuka chini haraka.

Hapa nikusahihishe kidogo kuhusu neno jangwa. Warukaji wa yuka hawapo jangwani tu. Wapo kwenye mchanga wa Florida na misitu ya misonobari ya Carolina, na ndugu yao Megathymus streckeri anafika nyika za kaskazini kabisa za Marekani zenye theluji, kwa sababu yuka aina ya Yucca glauca inafika huko. Anakoishia mmea, ndipo anapoishia kipepeo. Na kwa wale wa agave kifungo kinabana zaidi, kwa sababu karibu kila mmoja ana agave yake: Agathymus stephensi wa kusini mwa California yuko kwenye Agave deserti, alliae wa nchi ya Grand Canyon yuko kwenye Agave utahensis, mariae wa magharibi ya Texas yuko kwenye Agave lechuguilla, na polingi, mdogo kuliko wenzake, yuko kwenye Agave schottii yenye majani membamba, maana katika jani jembamba hakuna nafasi ya kunenepa. Ukipewa ramani ya mmea, umepewa na ya kipepeo, isipokuwa ya kipepeo huwa na mapengo mengi zaidi.

Kipepeo mwenyewe, akishatoka, ana muda mfupi sana. Megathymus hawali kitu. Wanaishi kwa mafuta waliyoweka wakiwa viwavi. Madume ya Agathymus hushuka makorongoni kunyonya maji kwenye mchanga mbichi, lakini maua hayawahusu. Kwa hiyo, ukiniuliza, yule kiwavi wa kwenye video ya mdogo wako ndiye mnyama hasa; kipepeo ni siku chache za kuoana na kutaga.

Labda utajiuliza mmea unapata nini. Haupati kitu. Hapa inafaa kulinganisha na mdudu mwingine wa yuka ambaye Riley huyo huyo alimweleza katika miaka ya 1870: nondo mdogo mweupe wa jenasi Tegeticula. Jike la nondo huyo hukusanya chavua kwa viungo maalumu vya mdomoni, hutaga ndani ya ua jingine, kisha hupanda juu na kuisukuma chavua mahali pake ili mbegu zishike. Watoto wake hula sehemu ya mbegu, nyingine zinabaki. Bila nondo yule yuka hazai mbegu. Mrukaji mkubwa hafanyi lolote la namna hiyo. Lakini hasara yake kwa kawaida ni ndogo, kiwavi mmoja au wachache kwenye jani, na agave ina majani mengi. Yuka changa inaweza kufa shina likiliwa lote, ila yuka nyingi huchipua tena toka mizizini. Sidhani wakulima wengi wa Mexico hupoteza usingizi kwa ajili ya wadudu hawa kama mnavyoupoteza ninyi kwa fukusi.

Tena huko Mexico wengine wanawatafuta kwa hamu. Aina moja, Aegiale hesperiaris, hukaa kwenye zile agave kubwa wanazokamulia maji ya kutengeneza pombe ya pulke, katika majimbo kama Hidalgo na Tlaxcala. Kiwavi wake mweupe hukaangwa na kuliwa tangu enzi za kabla ya Wahispania, na bei yake sokoni ni kubwa. Wahaya na senene wao wataelewa mara moja: ni chakula cha heshima, cha msimu, si cha njaa. Tatizo ni kwamba ili umpate inabidi umkatie mmea majani, na watu wakizidi, agave zinakufa kabla hazijazaa. Na kwa vile video nyingi hudai kwamba kiwavi anayewekwa kwenye chupa za mezkali, pombe kali ya agave, ni huyu, nikuambie kwamba mwaka 2023 watafiti walichunguza vinasaba vya viwavi wa chupa mbalimbali, na vyote vilivyosomeka vilikuwa vya nondo aitwaye Comadia redtenbacheri, ambaye kiwavi wake ni mwekundu na hukaa kwenye kisiki cha agave.

Anayenitia uchungu kuliko wote ni Stallingsia maculosa. Ni peke yake katika jenasi yake huko Texas, na anategemea mmea mdogo wa chini uitwao manfreda, jamaa ya agave, wa kusini mwa Texas na kaskazini mashariki mwa Mexico. Vichaka vya bonde la Rio Grande vimefyekwa sehemu kubwa sana kwa ajili ya kilimo na miji. Manfreda imebaki vipande vipande, na kipepeo amekuwa adimu mno upande wa Texas. Kipepeo wa maua angeweza kuhamia bustani jirani. Huyu anahitaji manfreda yenye mzizi mnene wa kutosha, nyingi za kutosha, zikiwa karibu karibu, mwaka hadi mwaka. Ukitoa moja kati ya hayo, hana pa kwenda. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na watu wanaodhani mdudu anahifadhiwa kwa kupigwa marufuku kumkamata. Hawa wanahifadhiwa kwa kuacha mmea ukae.

Sasa hofu yako: kwa nini hawakuja na mkonge? Swali zuri, kwa sababu mkonge wenu wote una safari moja inayojulikana. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipita Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, Pangani, na kuzaa mashamba makubwa ya Tanganyika. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni huko Florida, ulipelekwa kutoka Mexico katika miaka ya 1830. Na Florida hakuna mrukaji wa agave hata mmoja. Wapo wawili wa yuka, nao hawana haja na mkonge. Kwa hiyo mmea ulipofika kwenu ulikuwa umekwisha kupita mahali ambapo adui huyu hayupo, tena ukiwa miche midogo isiyotosha kumlea kiwavi mnene kama huyo. Fukusi aliweza kusafiri kwa sababu habagui sana; anashambulia agave za kila namna na kujificha kwenye kitako cha mche. Mrukaji mkubwa aliyefungwa na mmea mmoja wa korongo moja hana uwezo huo.

Ila usidhani kwamba hamna lolote linalofanana. Kwenye milima yenu, Usambara na Pare hadi Kilimanjaro, kuna mimea ya jenasi Dracaena, ile ambayo Wachaga huiita masale na kuipanda mipakani na kuitumia kuombea msamaha. Dracaena ni ya familia moja na mkonge na yuka. Na juu yake kuna mrukaji mkubwa wa Kiafrika, jenasi ya Artitropa, mwenye mwili mnene na macho makubwa, anayeruka giza linapoingia na alfajiri. Kiwavi wake haingii ndani ya shina. Hukunja jani kwa hariri akajificha humo mchana. Ukiona masale yenye majani yaliyokunjwa na kubandikwa pembeni, fungua taratibu. Ndugu wa Kiafrika wa wale wa Texas huenda yumo, na haharibu chochote cha biashara.

Kwa hiyo fanya hivi. Safari ijayo ukipasua kisiki, hesabu miguu. Wasio na miguu, choma kisiki pamoja nao. Na ikitokea siku ukakuta ndani ya jani bichi la mkonge kiwavi mwenye miguu yote niliyoitaja, usimuue kwanza. Mpige picha miguu ikionekana, mweke kwenye chupa yenye matundu pamoja na kipande cha jani alimokuwa, andika shamba na tarehe, umpeleke kituo cha Mlingano, Muheza, cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Wao ndio wanaofuatilia mkonge nchini, na kiwavi wa namna hiyo wangependa kumwona siku hiyo hiyo.